Mikebe Miwili Iliyopitiliza

Picha ilikuwa mikebe mitano.
Mitatu ilishuka Tabora, saa tano na nusu usiku.
Miwili ililala usingizi kwenye behewa la vifurushi,
ikapitiliza Urambo, Kaliua, Malagarasi,
ikaja kuamshwa na mpagazi Kigoma,
reli ilipoishiwa na hakuna tena pa kupitilizia.

Ndiyo maana baba yangu, Mihayo Lugendo,
mwendesha mashine ya klabu ya reli,
alijua nani aliuawa
asijue nani aliua.

Picha ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe,
ya wale Waingereza wasio na hela. Walikuwapo, baba aliapa,
uliwaona humo humo kitambaani.
Nyumba tatu, mlango mmoja:
kwa tajiri, kwa mjane, kituo cha polisi,
kila mara una ufa uleule chini ya kitasa.
Mvua inanyesha kona moja ya dirisha.
Maiti aliyeanguka zuliani mkebe wa kwanza
mkebe wa pili kaota masharubu, ni konstebo.
Na ukungu! Ukungu kila mahali,
maana ukungu ni rahisi kuliko mtaa.

Ukumbini madereva wa injini, makuli,
watu wa karakana na grisi yao kuchani,
karanga za kuchemsha ndani ya kofia.
Kiingereza chao hakikutosha kumshuku mtu.
Lakini ilipofika sehemu ya treni,
mpelelezi na koti lake la mvua ameketi, nje giza linakimbia,
Kasubi, fundi wa breki, akasimama:
"Behewa hilo haliendi!
Tazameni taa. Taa haichezi.
Hamna maungio, hamna ta-ta, ta-ta.
Kuna watu nje wanalitikisa kwa mikono!"
Ukumbi ukavunjika mbavu.
Tangu hapo hakuna aliyemwamini tena mpelelezi.
Mtu aliyepanda behewa lisilokwenda
atamfikia nani?

Mkebe wa tatu ukakatika.
Mwanamke mwenye glavu anageuka,
midomo inafunguka kutaja jina,
na kitambaa cheupe, kama sahani iliyolambwa.
Walidai fedha zao.
Baba aliwarudishia wenye sauti kubwa.

Kesho yake, Kigoma, stoo ya stesheni,
Mwamvua, binti wa fundi cherehani wa Ujiji,
aliketi juu ya gunia la chumvi ya Uvinza
picha ikaanzia mwisho.
Pingu kwanza. Kilio kwanza.
Mtu anaungama kosa wasilolijua.
"Tulimwonea huruma," mama husema.
"Tulikuwa hatujaona alichokifanya."

Baba alitumwa kuifuata mikebe.
Akauliza stesheni nani aliitazama,
wakamwonyesha kibaraza chenye cherehani.
Niambie nani aliua, akasema.
Binti hakuinua macho kwenye pindo:
Niambie kwanza nani alikufa.

Hayo mazungumzo yalichukua miaka arobaini na mmoja
na watoto sita.

Kila mara mama alimtaja mwingine.
Masika, daktari. Kiangazi, mjane.
Mwaka waliogombana kwa ajili ya mabati
muuaji alikuwa bwana mmoja mfupi, mbishi, anayefanana na wewe.
Baba alilipima kila jina kwa mikebe yake mitatu,
akajibu: inawezekana.
Wote walikuwa na nafasi. Wote walipita ukunguni.

Mwaka jana, hospitali ya Kitete,
nilimwona mama ameinama sikioni mwake.
Midomo ikacheza. Uso wa baba ukalegea,
tabasamu au pumzi, sikuweza kupambanua.

Kwenye ukumbi wa wodi nikamdaka:
Ulimwambia?

Mama alikaza fundo la kanga.
"Nilimwambia habari ya mlango.
Kwamba hata mwisho,
pale walipomtoa na pingu zake,
ufa ulikuwepo."